Bethidei ya Mtoto na Hesabu ya Mzazi

Katika miji ya Afrika Mashariki, hasa Dar es Salaam na Nairobi, sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mtoto, ambayo wengi huiita bethidei, imeacha kuwa shughuli ndogo ya alasiri nyumbani na imekuwa tukio lenye ukumbi, mpambaji, mpiga picha na mshereheshaji, yaani mtu anayelipwa kuongoza shughuli na kuwachangamsha wageni, kiasi kwamba mzazi wa kipato cha kati anayetaka kumfurahisha mtoto wa miaka minne huanza kudunduliza fedha miezi kadhaa kabla, au hukopa wiki ya mwisho. Jibu linalotolewa haraka kila jambo hili linapozungumzwa ni kwamba vitu vimepanda bei. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ukweli huo unastahili kuelezwa kwa makini. Lakini halitoshi, kwa sababu kilichopanda kuliko bei ya unga na sukari ni idadi ya vitu na huduma zinazohesabiwa kuwa za lazima, na vingi kati ya hivyo vimekuwa vya lazima kwa sababu zinazowahusu watu wazima kuliko zinavyowahusu watoto.

Kwa upande wa bei, miaka ya karibuni iliwabana kweli waokaji na wapishi. Kenya na Tanzania huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano zinayoitumia, na vita vilipoanza Februari 2022 kati ya Urusi na Ukraine, nchi mbili ambazo kwa pamoja zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano iliyoingia katika biashara ya dunia, kipimo cha bei za vyakula kinachotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kilifikia mwezi Machi mwaka huo kiwango cha juu kuliko vyote tangu hesabu zake zianze mwaka 1990. Mwezi uliofuata Indonesia, mzalishaji mkubwa kabisa wa mafuta ya mawese, ilizuia kwa muda kuyauza nje, na mafuta ya kukaangia sambusa na vitumbua yakapanda katika masoko yaliyo mbali sana na Jakarta. Sukari nayo ilikuwa na misukosuko yake: katikati ya mwaka 2023 Kenya ilisimamisha usagaji wa miwa katika viwanda vingi kwa miezi kadhaa kwa kuwa miwa iliyobaki mashambani ilikuwa haijakomaa, na kilo moja ikauzwa kwa zaidi ya shilingi 200 za nchi hiyo; na mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua kubwa za El Niño zilipotatiza uvunaji wa miwa Tanzania, kilo iliyokuwa ikiuzwa chini ya shilingi 3,000 ilifika 4,000 na zaidi.

Thamani ya fedha iliongeza mzigo mwingine. Maputo, mabango yenye jina la mtoto, vikombe vya karatasi, kofia za pembe na vijizawadi vya kuchezea vinavyouzwa Kariakoo au katika maduka ya katikati ya Nairobi hutoka kwa wingi China, hasa katika mji wa Yiwu ambao ni soko mashuhuri la bidhaa ndogo ndogo za sherehe, na mwagizaji hulipa kwa fedha za kigeni. Shilingi ya Kenya ilishuka hadi zaidi ya 160 kwa dola moja ya Marekani mnamo Januari 2024 kabla ya kupata nafuu, na ya Tanzania ilipita 2,600 katika mwaka huohuo, kwa hiyo pakiti ileile ya maputo ilirudi dukani ikiwa na bei mpya. Wanaotaka maputo yanayopaa yenyewe wanahitaji pia gesi ya heliamu, ambayo ni nyepesi kuliko hewa, hupatikana ardhini mara nyingi pamoja na gesi asilia, na haitengenezeki kiwandani. Wazalishaji wake wakubwa, wakiwamo Marekani na Qatar, ni wachache, na hospitali huihitaji kupoozea mashine zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku. Tanzania yenyewe ina akiba ya gesi hiyo katika bonde la Rukwa, iliyotangazwa mwaka 2016 na watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One, lakini puto linalopaa katika ukumbi wa Dar es Salaam bado limejazwa gesi ya mtungi uliosafirishwa kutoka mbali.

Hata hivyo hesabu rahisi inaonyesha mipaka ya maelezo haya. Keki ya kilo moja, kabla ya krimu ya juu, haihitaji zaidi ya kama robo kilo ya unga na kiasi kilekile cha sukari. Ikichukuliwa kwamba sukari ilipanda kutoka shilingi 2,800 hadi 4,000 za Tanzania, nyongeza katika keki hiyo ni shilingi 300, na hata kiasi hicho kikiongezwa maradufu kwa ajili ya mapambo, bado ni fedha ambayo haiwezi kumfanya mzazi akope. Ngano nayo ilishuka bei katika soko la dunia mwaka 2023, wala bethidei hazikurudi zilikokuwa. Kinacholipiwa katika keki yenye simba, gari au jumba la kifalme lililofinyangwa kwa fondanti, ambayo ni donge laini la sukari linalokandwa na kutandazwa kama unga wa chapati, ni saa nyingi za mikono ya mtu anayejua kazi yake.

Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo, na panastahili kukaliwa kwa muda mrefu zaidi. Sherehe ya mtoto ya miaka iliyopita haikuwa rahisi kwa sababu kazi ilikuwa ndogo. Ilikuwa rahisi kwa sababu kazi haikulipwa. Shangazi aliamka alfajiri kukanda maandazi, bibi alichambua mchele wa pilau, jirani alileta sufuria na mkeka, binamu mkubwa alipuliza maputo hadi mashavu yakamuuma, na kaka aliyekuwa na redio ndiye aliyekuwa mpiga muziki. Kila mmoja wa hao sasa ana jina la kibiashara, na kila mmoja ana ankara yake. Wataalamu wa uchumi wana nadharia inayogusa jambo hili: mwaka 1966 William Baumol na William Bowen walieleza kwamba kazi ambazo haziwezi kuharakishwa kwa mashine, kama vile kupiga muziki jukwaani, huzidi kuwa ghali kadiri kazi nyingine zinavyozalisha zaidi kwa saa, kwa kuwa muda unaohitajika haupungui huku ujira ukilazimika kupanda pamoja na ujira wa wengine. Kufinyanga simba wa fondanti ni kazi ya namna hiyo. Lakini kwa Afrika Mashariki nadharia hii inaeleza sehemu tu, kwani ujira wa wengi haujapanda kwa kasi. Kilichotokea zaidi ni kwamba kazi iliyokuwa ya ukoo na ya mtaa, na ambayo kwa haki isemwe ilikuwa mabegani mwa wanawake, imehamia sokoni na kupata bei kwa mara ya kwanza.

Uhamaji huo una sababu zake, na si uvivu wa akina mama wa siku hizi kama wazee wengine wanavyodai. Mama mwenyewe yuko kazini hadi jioni. Shangazi anaishi upande wa pili wa jiji, na safari ya kumfikia humaliza nusu siku katika foleni. Na nyumba ya kupanga yenye chumba na sebule, au ghorofa isiyo na uwanja, haiwezi kupokea watoto ishirini wanaokimbizana. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu wapatao milioni 4.4 mwaka 2012 na zaidi ya milioni 5.3 mwaka 2022, na wengi wa walioongezeka wamejibanza katika viwanja vilivyogawanywa na kujengwa hadi ukutani. Uwanja wa nyumba ulikuwa ukumbi wa bure. Ulipotoweka, nafasi ya kucheza ikawa bidhaa: bustani za kukodi, vyumba vya michezo vinavyotoza kwa kila kichwa, na majumba ya kurukia yaliyojazwa upepo ambayo hukodishwa pamoja na mashine yake ya kupuliza na kijana wa kuisimamia. Ikumbukwe pia kwamba upande wa pili wa ankara hizi kuna watu. Mwanamke anayeoka keki jikoni kwake na kuzipigia picha kwa simu ili apate wateja analipa ada ya shule ya watoto wake kwa kazi hiyo, na anayelalamikia gharama ya keki hana budi kukiri kwamba mikono iliyokuwa ikifanya kazi bure zamani haikuwa ikitendewa haki.

Mabadiliko hayo ya kazi na nafasi yameikuta desturi ambayo yenyewe ni changa: kwa jamii nyingi za eneo hili, kusherehekea tarehe ya kuzaliwa kila mwaka ni jambo jipya. Mtoto alitambulishwa kwa siku au majira, na ndiyo maana pwani wako akina Juma, Hamisi na Mwanajuma, na bara wako waliopewa majina ya mvua, njaa au vita; tarehe haikuandikwa na haikuhitajika. Shughuli zilifanyika maishani kwa hatua na si kwa mwaka: Waislamu wa pwani walichinja mbuzi wa akika, sadaka ya kumshukuru Mungu kwa mtoto ambayo kwa kawaida hufanywa siku ya saba, na mama na mtoto walitoka ndani baada ya siku arobaini; kwingine kulikuwa na kutoa jina, jando na unyago; Wamasai na Wakikuyu waliwapanga vijana kwa marika, na anayeadhimishwa alikuwa rika zima lililovuka pamoja. Keki yenye mishumaa kulingana na umri ilitoka Ujerumani, ambako mojawapo ya maelezo ya kale yanayojulikana ni ya sherehe ya Ludwig von Zinzendorf, kiongozi wa kanisa la Wamoraviani, mwaka 1746.

Kilichoieneza bethidei kuliko dini au ukoloni ni shule. Mwanahistoria Howard Chudacoff, katika kitabu alichokitoa mwaka 1989 kuhusu Wamarekani na hesabu ya umri, alionyesha kwamba siku ya kuzaliwa ilipata uzito katika nchi ile mwishoni mwa karne ya 19, pale watoto walipoanza kugawanywa madarasa kwa umri na kutumia siku nzima na wenzao wa rika moja. Jambo hilohilo linaonekana Afrika Mashariki: mtoto anayekua katika ua wenye ndugu wa kila umri ana wenzake wa kucheza nao, lakini hana orodha ya wageni, ilhali mtoto wa shule ya awali, aliyeandikishwa kwa cheti cha kuzaliwa chenye tarehe kamili, ana orodha tayari ya majina ishirini au thelathini, na pamoja na orodha hiyo ana kundi la WhatsApp la wazazi ambamo kila sherehe huonekana na wote.

Idadi ya watoto katika familia nayo imebadilika. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwanamke wa Tanzania anatarajiwa kuzaa wastani wa watoto 4.8, lakini wa mijini 3.6; nchini Kenya takwimu za mwaka huohuo zilikuwa 3.4 kwa nchi nzima na 2.8 mijini. Mzazi mwenye watoto wawili humtengea kila mmoja fedha na matumaini ambayo babu yake aliyagawa kwa watoto tisa. Na kuna sababu nyingine ya sherehe hizi ambayo haipaswi kubezwa. Katika kipindi kilichopimwa na utafiti wa mwaka 2004 hadi 2005, watoto 68 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai Tanzania walifariki kabla ya kutimiza mwaka. Mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 33. Kumfikisha mtoto mwaka wa kwanza bado ni jambo la kushukuru kwa dhati, hasa kwa nyumba iliyowahi kuzika mchanga, na mgeni anayeshangaa kwa nini watu wanajaza ukumbi kwa ajili ya mtoto asiyejua kinachoendelea anapaswa kufahamu kwamba mara nyingi shukrani hiyo ndiyo inayoadhimishwa. Ni kweli pia kwamba mtoto huyo hatakumbuka chochote: wanasaikolojia wamethibitisha kwamba kumbukumbu za kwanza ambazo mtu mzima hubaki nazo huwa za umri wa karibu miaka mitatu au minne. Shukrani ya wazazi inaweza kuwa kubwa bila tao la maputo kuwa kubwa.

Kushindana kwa shughuli, kwa upande mwingine, hakukuletwa na simu wala na wageni. Mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, alieleza namna vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, hasa Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyokuwa vikipimana nguvu kwa mavazi, karamu na maonyesho, na mwanahistoria mwenzake Terence Ranger alikuwa ameandika mwaka 1975 habari kama hizo za beni, ngoma za vyama zilizoiga bendi za kijeshi. Tofauti iko katika ukubwa wa uwanja wa mashindano. Chama cha lelemama kilikuwa na mpinzani mmoja aliyejulikana, mtaa ulikuwa shahidi, na msimu ulikuwa na mwisho wake. Tangu Instagram ianzishwe mwaka 2010, mama wa Sinza, Dar es Salaam, au wa Buruburu, Nairobi, analinganisha keki aliyoagiza na keki ya mtoto wa msanii maarufu, ya jirani, na ya mtu asiyemfahamu aliye Dubai, na ulinganisho huo haufungwi msimu ukiisha. Mpambaji huja na picha za kazi zilizopita, mteja huchagua kati ya picha hizo, na kazi mpya hupigwa picha ili iwe kielelezo cha mteja ajaye, kwa hiyo kiwango cha kawaida husogea juu bila mtu yeyote kuamua kwamba kisogee.

Thorstein Veblen, mwanauchumi wa Marekani, mwaka 1899 aliyaita matumizi ya namna hii matumizi ya kujionyesha, yaani kutumia mali ili wengine waone kwamba mtu anayo. Dhana hiyo ina ukweli, lakini inawahukumu wazazi kwa ukali usiostahili. Maelezo yenye huruma zaidi, na pengine yenye usahihi zaidi, yametolewa na mwanasosholojia Allison Pugh, aliyekaa na watoto na wazazi wa eneo la Oakland, California, na kuchapisha matokeo yake mwaka 2009. Pugh alikuta kwamba watoto shuleni wana aina ya uchumi wa heshima: kinachowauma si kukosa kitu chenyewe, ni kukosa la kusema wenzao wanapozungumza. Wazazi maskini, akaona, waliweza kuahirisha bili nyingine ili wampatie mtoto ile alama moja itakayomruhusu kushiriki mazungumzo ya darasa. Anayewajua wazazi wa Mbagala, Dar es Salaam, au wa Kayole, Nairobi, atayatambua maelezo hayo mara moja. Mlinzi wa usiku anayenunua keki ya kilo moja kwa mkopo hajionyeshi kwa mtu. Anamkinga mtoto wake asinyamaze darasani Jumatatu asubuhi.

Namna gharama zinavyogawanywa ni jambo ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Harusi za Tanzania, pamoja na fujo zake zote za gharama, zina mfumo wa kubebana: kuna kamati, kuna kadi za michango, kuna vikao na mweka hazina, na anayechangia leo hutarajia kuchangiwa kesho. Mfumo huo umeenea hadi kipaimara na komunyo ya kwanza. Bethidei, kwa kawaida, haina kamati wala michango. Mzigo wote ni wa nyumba moja, na tofauti na harusi, hurudi kila mwaka na kwa kila mtoto. Kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma Tanzania kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Kwa mfanyakazi wa kima hicho, sherehe inayogharimu shilingi 1,000,000 ni mishahara ya miezi miwili kamili, kabla ya kodi ya nyumba na chakula.

Wageni nao hulipa, kwa njia ya zawadi. Marcel Mauss, mwanazuoni wa Ufaransa, katika insha yake ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alieleza kwamba katika jamii nyingi zawadi ina wajibu wa aina tatu unaofungamana: wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Wajibu huo unaonekana waziwazi katika darasa la watoto thelathini. Mtoto akialikwa katika sherehe ishirini kwa mwaka, na kila zawadi ikigharimu shilingi 10,000, mzazi wake ametumia 200,000, ambazo ni mbili ya tano ya kima cha chini cha mwezi, mbali na nauli na nguo ya kutokea. Mwenye sherehe naye hurudisha papo hapo kwa kumpa kila mtoto mfuko wenye pipi, penseli na kichezeo cha plastiki, ambacho mara nyingi huvunjika kabla ya kufika nyumbani. Fedha hizi zinazunguka kutoka nyumba hadi nyumba na kuishia mikononi mwa muuza vichezeo, huku kila mzazi akiamini kwamba anafanya adabu.

Nje ya mzunguko huo hubaki watoto wasioonekana katika picha. Wapo ambao imani ya nyumbani haisherehekei siku ya kuzaliwa, kama Mashahidi wa Yehova na Waislamu wanaofuata rai ya wanazuoni wanaoikataa, na hao angalau wana sababu wanayoweza kuieleza kwa fahari. Wapo pia ambao mama hupokea kadi ya mwaliko, huiweka juu ya kabati, na Jumamosi ikifika husema kwamba kuna safari ya kwenda kwa bibi, kwa kuwa hana fedha ya zawadi na hataki mwanawe aingie mikono mitupu. Mtoto wa miaka sita huwa hajui kwamba safari hiyo ilibuniwa. Wa miaka tisa hujua, na huanza mwenyewe kuficha kadi ili asimsumbue mama. Hasara hii haimo katika ankara yoyote ya mpambaji, nayo ndiyo inayopaswa kuwashtua watu kuliko bei ya ukumbi, kwa sababu sherehe iliyokusudiwa kuwakusanya watoto imeanza kuwachuja.

Mikopo imerahisisha matumizi haya ya sherehe na zawadi. Nchini Kenya, huduma ya Fuliza iliyoanzishwa Januari 2019 humruhusu mtumiaji wa M-Pesa kulipa zaidi ya salio alilo nalo na kukatwa ada kadiri siku zinavyopita. Nchini Tanzania huduma kama Songesha hufanya kazi ya namna hiyo, na chini yake iko mikopo ya mitaani ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, yenye riba kubwa na marejesho ya kila siku au kila wiki. Mtoto aliyezaliwa Desemba au Januari huwaweka wazazi pabaya zaidi, kwani ada na sare hudaiwa wakati uleule deni la sherehe linapoiva.

Serikali moja ilijaribu kulitatua tatizo hili kwa sheria. Mwaka 2007 Tajikistan, nchi ya Asia ya Kati, ilipitisha sheria ya kudhibiti gharama za sherehe na mila, ambayo pamoja na kuweka mipaka ya harusi na mazishi iliagiza kwamba siku ya kuzaliwa isherehekewe ndani ya familia. Mwaka 2015 kijana mmoja alitozwa faini kwa kuadhimisha yake na marafiki katika baa ya mji mkuu, Dushanbe. Ni vigumu kuipendekeza njia hiyo kwa nchi yoyote inayoheshimu faragha ya nyumba za watu, na polisi wa kuhesabu vipande vya keki ni gharama nyingine juu ya gharama.

Njia zinazofaa ni zile zinazogusa kilichopandisha gharama, yaani orodha ya wageni, kazi ya kununua na zawadi. Shule inayowaadhimisha kwa siku moja watoto wote waliozaliwa katika mwezi mmoja, kwa keki ya kawaida iliyochangiwa sawa, huondoa ulinganisho kwa kuwa hakuna mwenye sherehe, na kwa namna fulani humrudisha mtoto katika rika lake. Wapo wazazi wanaofuata kanuni ya kualika watoto wenye idadi sawa na miaka ya mtoto, wanne kwa miaka minne na sita kwa miaka sita, na hapo sebule ya nyumba ya kupanga hutosha, maandazi ya shangazi hutosha, na kumwagiwa maji, mchezo ambao watoto wa Tanzania na Kenya huusubiri kwa hamu kuliko keki yenyewe, hauhitaji kukodiwa. Ugumu wa kanuni hiyo ni kwamba mtoto atawaacha wengine nje, na mzazi anayeitumia peke yake huonekana bahili. Kwa sababu hiyo uamuzi unafaa kuwa wa wazazi wa darasa kwa pamoja: kundi lilelile la WhatsApp linalotangaza kumbi na kupongeza picha linaweza kukubaliana kwamba zawadi itakuwa kitabu kimoja au daftari la kuchorea, au kwamba hakuna zawadi kabisa na mfuko wa kurudi nao umefutwa. Makubaliano hayo yakifanywa Januari, mwaka wa masomo unapoanza na kabla ya kadi ya kwanza kutolewa, hakuna mzazi atakayehisi kwamba yamemlenga yeye.